Uchafu wa Wifi

Mume wangu alikuwa fundi saa miaka thelathini na tisa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akiagana na saa. Lakini siku ya kwenda kupasuliwa jicho alisimama sebuleni mbele ya tangi la samaki, koti mkononi, akawaaga samaki saba mmoja mmoja kwa jina. Binti yetu yuko nje anapiga honi. Mimi nimesimama mlangoni na begi lake. Alipomaliza kumuaga wa saba akanipita, akasema, "Haya, tutaonana," kama anavyomwambia msoma mita.

Hao samaki ni wale wa rangi ya chungwa wanaouzwa kwenye mifuko ya nailoni, urefu wao kidole cha kati. Kwangu walikuwa samaki mmoja aliyerudiwa mara saba. Kwake walikuwa watu. Aliwapa majina ya wateja walioacha saa zao kibandani wasirudi tena kuzichukua: Karani, Bibi Harusi, Polisi, Mwalimu Mkuu, Kinyozi, Mpiga Picha na Mwenye Nyumba. Alisema hawa angalau hawana pa kukimbilia.

Macho yalimharibikia kabla ya samaki. Daktari alisema ana mtoto wa jicho. Nikasema basi huyo ndiye mtoto pekee wa nyumba hii ambaye hatukumpeleka shule. Hakucheka. Fundi saa akishindwa kuuona mshale wa dakika, kazi imekwisha. Alifunga kibanda, akaleta kiti chake nyumbani, akakigeuza kikatazama ukuta. Miezi minne. Kwa siku alikuwa na maneno mawili tu: chai ina maji mengi, au chai ina majani mengi. Mimi na ukuta tukawa tunashindana nani ataongeleshwa, na ukuta ukawa unanishinda.

Ndipo binti yetu akaleta tangi la kioo, pampu, kichujio na hao samaki. Ndani ya wiki moja kiti kiligeuka. Mzee akaanza kuamka mapema, akaanza kunyoa ndevu, akaanza kugombana na mimi vizuri kama mtu mzima wa afya. Alikuwa hawaoni samaki, anaona rangi tu inapita, kama mtu amebeba mshumaa nyuma ya pazia. Lakini aliwajua kwa mwendo na kwa mahali wanapopenda kukaa. Upasuaji alikuwa ameukataa mara tatu. Mimi nilimnunia wiki mbili, hakujali. Siku moja tu, katikati ya kifungua kinywa, akasema, "Nimekubali. Nataka nimwone Karani ana macho ya namna gani."

Mjue na ninyi basi. Hakwenda kupasuliwa ili anione mimi. Mimi ameshanikariri.

Angekaa kwa binti yetu, karibu na hospitali, mpaka Alhamisi ya wiki ya pili. Siku kumi. Maagizo nilipewa jioni ya kuamkia safari, nikiwa nakunja mashati yake.

"Chakula ni chembe zinazoshikwa na vidole viwili. Mara moja kwa siku. Wakikuangalia kwa huruma usiwasikilize."

"Na mimi nikikuangalia kwa huruma?"

"Maji ya bomba usiwamiminie moja kwa moja. Yaweke ndooni, ndoo iwe wazi, yalale siku nzima dawa itoke."

"Maji yatalala kuliko mimi."

"Na sponji ya kichujio ukiona imeziba, ikamue. Ikamue tu, ndani ya maji yao wenyewe, uirudishe. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia. Kusikia hakuna kazi. Shida ni kwamba nilikuwa nimeshamwona akikamua. Kila mwezi huitoa ile sponji, huiminya mara tatu kwenye beseni, huirudisha ikiwa ya kahawia kama chai ya jana. Roho yangu huuma. Nami hujisemea: haoni, maskini. Angeona asingewarudishia uchafu huu viumbe anaowapenda.

Na mimi ni nani? Mimi nilifua hospitali miaka ishirini na sita. Nimefua mashuka ya wodi ya wazazi. Nimefua magauni ya chumba cha upasuaji, yakiingia kwangu hayatazamiki, yakitoka unaweza kuolewa nayo. Sasa mtu kama huyo unamwambia akamue!

Jumanne asubuhi nilijifunga kitambaa kiunoni. Samaki nikawahamishia kwenye beseni la maji yaliyolala. Changarawe nikaziosha kama mchele, mara tano, mpaka maji yakatoka kama ya kunywa. Kioo nikakisugua ndani na nje. Sponji sasa: nikaichemsha, nikaipiga sabuni, nikaisugua kwa brashi ya kola, nikailoweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo, nikaisuuza maji saba, nikaianika juani kwa vibanio viwili. Ilipokauka sikuijua. Nyeupe, laini, unaweza kumlazia mtoto mchanga. Jioni nikajaza maji yaliyolala, nikawarudisha samaki, nikawasha pampu. Tangi lilikuwa linang'aa hata nikajiona ndani yake, nikatengeneza nywele.

Saa moja mzee akapiga simu.

"Karani hajambo?"

"Na mimi sijambo."

"Anakula?"

"Anakula kuliko jana. Na jicho?"

"Limefungwa. Sogeza simu kwenye tangi niisikie pampu."

Nikasogeza. Mtu aliyesikiliza saa miaka thelathini na tisa humwekei mashine sikioni hivi hivi.

"Inakimbia nyepesi. Umeifanya nini?"

"Ni simu hii. Kila kitu kinasikika chepesi."

"Hm," akasema, na mimi nikakata kabla hajasema ya pili.

Jumatano walikuwa wazima. Alhamisi maji yakaingia ukungu, kama mtu amesuuzia humo bilauri ya maziwa. Nikaona aibu, nikafikiri sikusuuza vizuri. Jioni wote saba walikuwa juu, midomo nje ya maji, wanapiga papa papa papa kama wazee wanaotafuta neno. Nilidhani wana njaa, nikawaongezea chakula. Ijumaa asubuhi Polisi alikuwa juu ya maji, ubavu mmoja, ametulia kama hajawahi kutulia kazini. Na Karani, ambaye makao yake ni chini ya bomba la hewa, alikuwa chini kweli, lakini amelala kiubavu, shavu linapanda na kushuka pole pole.

Nilikaa kwenye kiti cha mzee. Nilijiona nikimpokea mlangoni, jicho jipya, na tangi tupu linalong'aa. Angekigeuza kiti siku hiyo hiyo. Na safari hii ukuta angeuona vizuri.

Nikachota maji ya tangi kwenye chupa, nikaenda kwa muuza samaki. Duka lake ni chumba kirefu chembamba, matangi yamepangwa mpaka darini, kila kitu kinatoa mapovu, sakafu imelowa, na feni inapuliza unyevu kutoka ukuta huu kwenda ule. Kila mtu anamwita Daktari, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Alidondosha matone ya dawa kwenye maji yangu. Yakawa kijani kama jani.

"Bibi," akasema, "huu ni mkojo."

"Ni maji safi. Nimeyalaza mwenyewe."

"Ni mkojo wa samaki uliolala. Sponji uliifanyaje?"

"Niliifua."

"Uliikamua, unataka kusema."

"Nimesema niliifua. Wewe una masikio ya mapambo kama samaki wako?"

Akaweka chupa chini. "Kwa sabuni?"

"Na kwa dawa. Na changarawe pia."

Daktari aliegemea ukuta kama aliyeletewa habari ya msiba. Halafu akanifundisha polepole, kwa ile sauti watu wanayotumia kwa wazee na kwa mbwa wakali.

"Ile kahawia si uchafu, bibi. Ule ni mji. Wanakaa humo vijidudu, hawaonekani kwa macho, kazi yao ni kula mkojo wa samaki. Siku nenda siku rudi. Wakiwepo, maji ni maji. Wasipokuwepo, samaki wanaogelea chooni. Umeua mji mzima."

"Basi niuzie wengine."

"Wanajiotea wenyewe. Mwezi mmoja, mwezi na nusu."

"Mzee anarudi Alhamisi."

Akajikuna kidevu. "Basi unahitaji sponji chafu. Ya tangi la zamani lenye samaki wazima, uitie kwako ikiwa mbichi. Za kwangu hazitakufaa, wiki hii nimetia dawa ya ugonjwa kote. Lakini yuko mama mmoja ana saluni mtaa wa pili. Tangi lake nilimfungia mimi miaka sita iliyopita na hajawahi kuligusa hata kwa bahati mbaya. Bibi, uchafu wa yule mama ni wa daraja la kwanza."

"Mama gani?"

"Yule mwenye sauti."

Sikuhitaji sifa nyingine. Ni wifi yangu, dada wa mzee.

Sasa niwaeleze mimi na wifi. Mwaka juzi, mjukuu wetu alipomaliza shule, tulikaa watu kama thelathini tukila na kucheka, na mimi mdomo ukanikimbia. Nikasema kwa wifi kuna uchafu mpaka mende wanavaa viatu. Sikujua yuko nyuma yangu na sinia la soda. Tangu siku ile salamu zetu ni kama barua za serikali: zinafika, lakini hazina "mpenzi".

Nilichukua ndoo yenye kifuniko, nikaenda. Njiani nilipanga maneno matatu tofauti, na yote matatu yalinikimbia mlangoni.

Saluni ilikuwa imejaa. Mteja mmoja yuko chini ya kofia ya kukaushia nywele, mwingine amesukwa nusu, wawili wanasubiri kwenye benchi. Pembeni lile tangi: kioo kimeota kijani, maji rangi ya chai ya rangi, na ndani samaki wazima wakubwa kama kandambili, wanene, wanatembea kama wenye nyumba za kupangisha. Nikawachukia.

Wifi alinitazama kwenye kioo, hakugeuka.

"Karibu, wifi. Ingia na viatu vyako. Humu wote tunavaa."

Wateja hawakuelewa, lakini mimi nilielewa.

"Nimekuja na shida, wifi."

"Naona ndoo. Umekuja kunipigia deki?"

"Nimekuja kuomba sponji ya tangi lako."

"Madukani zipo. Mpya, safi. Wewe si mtu wa vitu safi?"

"Sitaki safi."

"Unataka ipi?"

"Chafu."

Mteja wa kofia alitoa kichwa kwenye kofia. Chanuo la wifi likasimama hewani.

"Sijakusikia, wifi. Hii mashine ina kelele."

Mashine ilikuwa imeshazimwa. "Chafu, wifi. Nahitaji chafu."

"Kwani kwako haipo?"

"Haipo."

"Hata kidogo? Umetazama vizuri? Chini ya vitanda?"

Nikavumilia. Uvumilivu wangu ni mfupi kama mkia wa mbuzi, lakini nilimkumbuka Karani na lile shavu lake.

"Sema vizuri basi," akasema wifi, sasa amegeuka, mikono kiunoni. "Hawa wateja wangu wengine ni wageni, wasije wakadhani nakunyanyasa. Umekuja kwangu kuomba nini?"

"Naomba uchafu wako, wifi," nikasema. "Wangu niliumaliza."

Walicheka wale wanawake. Aliyesukwa nusu alicheka mpaka akashika ukuta. Wifi hakucheka, alifurahia kimya kimya, kama mtu anayekula utamu na hataki umwishie mdomoni. Halafu akauliza wa nini. Nikamweleza yote: sponji, dawa, vibanio viwili, Polisi. Nikafika kwa Karani, na kwa nini mzee alikubali kupasuliwa.

"Subiri," akasema. "Kaka amekubali kisu kwa ajili ya samaki?"

"Anataka kumwona macho."

Wifi alikaa kwenye kiti cha mteja. "Mimi nilimwendea mara mbili. Nilimlilia, wifi. Nililia machozi kabisa."

"Mimi nilimnunia wiki mbili."

"Karani."

"Karani."

Tukatazamana kwenye kioo chake, wanawake wawili tuliozidiwa na samaki wa kidole. Baadaye akanyanyuka, akatoa mkasi wa nywele kwenye kopo, akatumbukiza mkono tangini mpaka kiwiko, akaichomoa sponji ya miaka sita. Sijawahi kuona kitu kama kile, na mimi nimefua hospitali. Nyeusi, nzito, inateleza, inanuka kama ardhi ya mvua. Akaikata katikati kwa mkasi ule ule wa nywele. Nusu akairudisha kwa samaki wake, nusu akaitia kwenye ndoo yangu na maji yake. Mteja mmoja akauliza kama mkasi ule ndio utakaotumika kwake. Hakujibiwa.

"Asante, wifi," nikasema, nikashika mpini wa ndoo.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Uchafu wangu hautembei peke yake," akasema, akamtupia msaidizi wake chanuo, akachukua mkoba.

Alikuja kwa siku sita. Sisemi alikuja kunitembelea siku sita. Alikuja, akakaa.

Kwanza aliipachika ile nusu kwenye kichujio kwa mikono yake, akaniambia nisimame mbali. Alipomaliza akapitisha kidole nyuma ya kabati langu la vyombo, akakitazama, akanionyesha. Hakusema neno. Wifi akisema ni maneno. Akinyamaza ndiyo matusi. Halafu akakalia kochi, akapandisha miguu, akauliza kama nyumba hii chai hunywewa au husikika tu.

Kila nikishika kitambaa: "Usiguse!"

"Napangusa meza."

"Unaanza na meza, unaishia kwenye tangi. Nakujua."

Alikunywa chai vikombe vitano kwa siku na kila kikombe alikiacha mahali pake pa kufia: dirishani, juu ya redio, kimoja nilikikuta bafuni. Alikoroma mchana. Aliniita "muuaji" mbele ya jirani aliyekuja kuazima chumvi. Na mimi sikuweza kusema kitu, kwa sababu kila nikifungua mdomo anatazama tangi.

Lakini kazi aliifanya. Kila siku tulitoa theluthi ya maji na kutia yaliyolala, ndoo baada ya ndoo, bibi wawili wenye magoti ya watu wanne. Chakula tuliwanyima siku mbili, kama Daktari alivyosema. Mchana kutwa tukakaa mbele ya kioo, hatuna la kufanya ila kutazama. Na ukitazama mno, samaki mmoja aliyerudiwa mara saba anaanza kuachana. Bibi Harusi mkia wake unaburuzika. Mwalimu Mkuu hawezi kuona wenzake wametulia. Kinyozi anamdonoadonoa kila mtu kichwani. Wasiwasi wetu ulikuwa Karani. Jumamosi bado kalala ubavu. Jumapili wifi aliinama mpaka pua ikagusa kioo, akamwambia, "Sikiliza wewe. Kaka yangu amekatwa jicho kwa ajili yako. Ukifa nitakukaanga."

Jioni mzee akapiga. "Karani hajambo?"

Wifi akaninyang'anya simu. "Hajambo, kaka, amepumzika. Na wewe pumzika."

"Wewe unafanya nini hapo?"

"Nimekuja kumsaidia mke wako usafi."

Nilitamani kumpiga na ndoo.

Jumatatu Karani alisimama. Alikaa wima chini ya bomba lake, amechakaa pezi moja, lakini wima. Wengine walishuka kutoka juu mmoja mmoja. Jumanne maji yakaanza kuonyesha upande wa pili. Tulikubaliana mimi na wifi: Polisi alikufa kifo chake, basi. Samaki hufa. Habari ya vibanio viwili tungeizika naye. Nilimwapiza kwa kila kitu anachokiogopa, na akaapa, akicheka.

Alhamisi mzee akarudi, binti yetu amemshika mkono, miwani myeusi usoni. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akavua miwani, akasogeza uso. Hata wifi alishusha miguu kwenye kochi.

"Sita," akasema mzee.

"Polisi amekufa," nikasema mimi, na wakati ule ule wifi akasema, "Polisi amehamishwa."

Mzee akageuka. "Amekufa au amehamishwa?"

"Amehamishwa huko wanakohamishiwa wote," akasema wifi.

"Hm. Alikuwa na haraka siku zote." Akarudi kwenye kioo. Nikapumua. Nikaona yamekwisha.

Hayakwisha. Alipomaliza samaki akainua macho, au jicho, akafungua kifuniko cha kichujio. Akatoa sponji. Ikawa inadondoka nyeusi kwenye kiganja chake, na yeye anaitazama kama mtu aliyekuta panya kwenye saa ya mkono.

"Hii ndiyo ilikuwa inakaa humu?"

Akaigeuza upande wa pili.

"Hii? Miaka miwili? Na mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nawarudishia?" "Ningemrudishia mteja saa yenye robo ya tope hili, ningekifunga kibanda kwa aibu. Nilidhani nikikamua inatakata. Viumbe wa watu! Leteni sabuni."

"Daktari wa macho amesema usiiname," akasema binti yetu.

"Siinami. Ataifua mama yako." Akaninyooshea ile sponji, inadondoka kwenye sakafu yangu. "Hakuna mtu anayefua kama yeye. Sijawahi kuona, hospitali wala nyumbani. Mpe yeye, itarudi nyeupe."

Nimeolewa miaka arobaini na moja nikisubiri mtu huyu aseme hilo neno. Miaka arobaini na moja ya kola, ya pindo, ya mashati yake yenye mafuta ya saa. Hakusema siku za kawaida, akaja kulisema siku hiyo, mbele ya wifi. Ningeweza kuipokea ile sponji, nikaenda nayo nyuma, nikakaa kidogo, nikairudisha vilevile. Lakini sasa anaona. Angeitaka nyeupe, na mwezi ujao angeitaka nyeupe zaidi, na Karani hana pezi la pili la kuchakaa.

"Siifui," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeshaifua. Ile yako. Ndiyo maana wako sita."

Nikamweleza. Mji, vijidudu, mkojo, nusu ya sponji ya wifi, mkasi wa nywele. Sikuruka kitu, ningeruka wifi angejazia. Mzee amesimama, mkono bado umenyooka, tone linadondoka, tone linadondoka.

"Nilikwambia ukamue," akasema mwishowe.

"Uliniambia."

"Ukaifua."

"Nikaifua."

"Kwa dawa?"

"Kwa dawa. Kwanza niliichemsha."

Alifikiri. "Uliianika?"

"Kwa vibanio viwili."

Binti yetu aligeukia ukuta, mabega yanacheza. Wifi alikuwa ameshalala kwenye kochi anajifuta machozi na kitambaa changu cha mezani. Mzee hakucheka. Aliirudisha sponji kwenye kichujio kwa vidole vitatu, polepole, kama alivyokuwa akirudisha gurudumu dogo kabisa la saa, akafunika. Akavuta kiti chake, akaketi mbele ya tangi.

"Njoo hapa," akaniambia. "Karani ni yupi?"

"Yule chini ya bomba, mwenye pezi bovu."

"Siyo. Yule ni Mpiga Picha."

"Mpiga Picha ni yule mwenye doa jeupe."

"Karani ni mwembamba. Nimeishi naye miaka miwili."

"Umeishi naye gizani. Mzee, jicho ni lako, lakini siku kumi hizi aliyekuwa anatazama ni mimi. Huyo ndiye. Sogea umwone."

Akasogea. Karani naye akasogea, sijui kwa kutarajia chakula, wakakaa uso kwa uso, kioo katikati. Mzee alikaa hivyo muda mrefu.

"Ana macho ya mtu aliyeamshwa," akasema.

"Aliamshwa kweli," nikasema. "Alitishwa atakaangwa."

Mpaka jioni walikuwa wakibishana, yeye na dada yake, kwamba Mwenye Nyumba ni yupi, na mimi ndiye ninayeitwa kuamua, toka jikoni, mikono ina unga. Nikiamua hawakubali. Wakishindwa kukubali wananiita tena. Wifi aliondoka jua linashuka, na binti yetu akamsindikiza, na mimi nikaanza kukusanya vikombe. Vilikuwa saba. Binti yetu aliporudi akaniambia kwamba daktari amefurahi sana na jicho la kwanza, kwa hiyo la pili watalifanya mwezi ujao, siku kumi kama zile.

Nikiwa nafagia sebule nikakuta kandambili za wifi chini ya kochi, zimepangwa vizuri, zimeelekea ndani. Nikampigia.

"Wifi, umesahau kandambili zako."

"Sijasahau," akasema, akakata.